Watoto Wanene wa Mzani wa Lesian

Kitengo cha Malezi Mtandao na Uzito Stahiki kilitangaza, kwa spika mbili zilizofungwa juu ya pikapu nyeupe, kwamba kuanzia Alhamisi ile hakuna mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya Sombetini atakayeruhusiwa kuwa na uzito usiojulikana na mtandao. Pikapu ilipita mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na tulidhani ni wale wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mimi niliteuliwa kuwa Balozi wa Uzito wa mtaa wetu. Vigezo vya uteuzi vilikuwa vigumu: walipobisha hodi, nilikuwa nyumbani. Nilikabidhiwa fulana ya kijani iliyonifika magotini, na maelekezo kwamba mambo yote yapitie kwa Bwana Philemoni, Mratibu wa Kitengo, mtu mstaarabu, mwenye viatu vinavyong'aa hata msimu wa tope.

Darasa lenyewe la malezi, tulilofundishwa kwa simu, lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Kila Alhamisi saa kumi jioni wazazi na walezi walikuja kwangu, maana simu zinashika mtandao vizuri pembeni ya banda langu la kuku. Tuliziegemeza simu kwenye ndoo. Somo la kwanza lilisema mtoto mdogo asikalishwe mbele ya simu. Na ili mahudhurio yakubalike, mtandao ulitaka kuona uso wa mkubwa na wa mtoto pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Basi tukawakalisha watoto mbele ya simu wasikie kwamba hawatakiwi kukaa mbele ya simu. Walipoanza kulia tukawapa biskuti. Somo la pili lilihusu madhara ya biskuti, nalo lilikuwa refu, tukamaliza katoni.

Somo la tatu lilikuwa la michezo. Mtaalamu alitutaka tuwainue watoto juu, naye akaruka kutuonyesha, mtandao ukakata akiwa bado hewani. Tulimsubiri kwa heshima mpaka jua likaegemea upande wa Monduli. Jirani yangu Nashipae, mwenye pacha, alikuwa bado amemwinua mmoja, akaniuliza taratibu kama amshushe au asubiri tamko.

Somo la nne ndilo lililoleta maendeleo. Kila mtoto apimwe siku hiyohiyo, kwa mzani wenye muhuri wa serikali, na uzito uingizwe kwenye simu kabla giza halijaingia. Kiliniki wana mzani, lakini siku yao ya watoto ni Jumanne, na mtandao haukuwa na mpango wa kungoja Jumanne. Mzani mwingine wenye muhuri uliokuwa karibu ni wa Lesian wa bucha.

Hapa niseme jambo ambalo mtaani hakuna asiyelijua. Mzani wa Lesian unampenda mwenye nao. Ukinunua kilo, ukifika nyumbani unakuta robo tatu. Ndiyo maana kwetu ukimtuma mtu nyama, anakuuliza kwanza: kilo ya Lesian au kilo ya Mungu? Hatumchukii. Ni kijana mwenye adabu, anakopesha, na kukiwa na msiba analeta utumbo bila kuombwa.

Siku hiyo alisugua ndoano kwa maji ya moto na ndimu, akatandika boksi safi chini, akanipigia shikamoo, akaniita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, leteni mizigo." Tukawaning'iniza watoto kwenye kanga yangu mmoja mmoja, pembeni ya paja la mbuzi. Mjukuu wangu Princess, mtoto wa binti yangu Ruth, ana miaka mitatu na kitu. Wiki hiyohiyo kiliniki walikuwa wamempima wakapata kilo kumi na mbili, wakaniambia homa ya mapafu imemla, na kwamba akishuka tena watamlaza. Kwa Lesian alipanda, akabembea, akacheka, mshale ukasimama kwenye kumi na sita.

Nikampigia Bwana Philemoni, kama utaratibu unavyotaka. Nikamweleza habari za kilo ya Lesian na kilo ya Mungu, bila kuruka kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, mzani una muhuri?"

"Unao, mwanangu. Ila..."

"Basi hakuna ila. Muhuri ukishagongwa kinachobaki ni utekelezaji."

Nikaona ana hoja. Ofisi haiwezi kugonga muhuri halafu ikaja kumsikiliza bibi mwenye kuku. Tukaingiza kilo zote kama zilivyosomeka. Simu zikafikiri kidogo, kisha zikawa nyekundu, moja baada ya nyingine, mtaa mzima.

Kesho yake Kitengo kikatangaza janga la unene. Bwana Philemoni alinipigia mwenyewe, na sauti ilikuwa inamtetemeka kama mtu aliyechimba choo akakuta tanzanite. Akasema hali ni mbaya sana, na kwamba hajawahi kupata matokeo mazuri namna hiyo.

Mtaani nako watu walifurahi. Kwetu mgeni akiingia, kabla hajaketi anakwambia umenenepa, nawe unashukuru. Sasa hapa tumeambiwa na wataalamu, tena kwa maandishi. Princess alitembea akitanguliza tumbo, analionyesha kwa kila anayepita. Ruth, anayefua mashuka ya hoteli kule Karatu, alinipigia akilia kwa furaha.

"Mama, kweli amenenepa? Mungu ni mwema."

"Amenenepa kiofisi," nikamjibu, "na ndiyo sababu wamezuia uji."

Maana amri ilikuwa imeshatoka. Kituo cha watoto cha Mwalimu Prisca, ambako wote wanashinda, kisitishe uji wa saa nne mpaka watoto watakapokuwa wa kijani kwenye simu. Ule uji una maziwa na karanga, vitu ambavyo kwangu vinaonekana Jumapili, na kwa wengine, ambao mama zao wanatoka alfajiri kwenda sokoni, havionekani kabisa. Badala ya uji watoto wazunguke jengo wakikimbia. Mwanzoni walikimbia. Baadaye wakatembea. Baadaye nikawakuta wameketi chini, wameegemea ukuta wenye jua, wametulia kama wazee wanaongoja pensheni. Mwalimu Prisca aliniambia hajawahi kuwa na darasa lenye nidhamu vile, kisha akageuka akafuta macho.

Nyumbani nilimpa Princess nilichokuwa nacho, jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu kiofisi sikutakiwa kujua. Lakini mkono wake nilikuwa naushika na vidole vyangu vinakutana na kupitana. Aliniuliza mimi bibi yake kitu kimoja tu.

"Koko, nikikonda nitapewa uji?"

Nikamwambia ndivyo utaratibu unavyosema.

Kitengo kikaamua janga lizinduliwe rasmi. Mkurugenzi angekuja kutoka makao makuu, darasa lirushwe moja kwa moja kwa wazazi wote wa jiji, kuanzia Terrat mpaka Engutoto, na baada ya hotuba wageni wale chakula. Wazazi tuliandaliwa maji na nusu yai, ili tuelewe somo. Nyama ilikuwa ya wageni.

Kuinunua hiyo nyama lilikuwa jukumu zito, na Bwana Philemoni hakuona mtu wa kumwachia. Akaenda mwenyewe kwa Lesian, akaagiza kilo arobaini, zikapimwa mbele ya macho yake. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walinitazama kama wanaouliza, tumwambie? Nikatikisa kichwa. Mratibu ni mtu anayejua mihuri. Akabeba mafungu kwenye buti la gari lake, Lesian akitaka kusaidia akamzuia, akafunga, akaondoka peke yake.

Nashipae ndiye aliyepika. Alipofungua yale mafungu aliguna, lakini akapika. Siku ya siku tukaketi kwenye viti vya plastiki uani kwa Mwalimu Prisca, simu kubwa imesimama juu ya miguu mitatu inatuangalia. Hotuba zikasomwa. Mkurugenzi, mama mnene wa kupendeza, alisema hatapumzika mpaka kilo zote zilizozidi Sombetini zimepatikana. Kwa kuwa yeye aliongea wa mwisho, alipakuliwa wa mwisho. Wageni walikuwa na njaa ya safari. Sahani yake ilipofika ilikuwa na wali, mchuzi, na kifundo cha goti.

Bwana Philemoni alifika kwenye sufuria kabla sijainuka. Akamuuliza Nashipae nyama iko wapi. Nashipae akasema iko matumboni mwa wageni, yote aliyoletewa. Hapo ndipo Lesian akaitwa, naye akaja na aproni yake, akasimama katikati ya uwanja.

"Umeniibia," Bwana Philemoni akamwambia. "Pale hapakuwa na kilo arobaini. Mzani wako unakula robo nzima."

"Mzee, mzani una muhuri."

"Muhuri hauliwi."

Mkurugenzi akaweka kile kifundo pembeni ya sahani, akajifuta vidole. Akauliza, kwa upole kabisa, kama huo ndio mzani uliowapima watoto.

Bwana Philemoni alirekebisha tai.

"Mheshimiwa, kwa upande wa watoto mzani uko sahihi. Kwa upande wa nyama ndipo una changamoto."

Mkurugenzi akalifikiria hilo. Nadhani alisomea hesabu.

"Kama mzani uko sahihi," akasema, "kilo arobaini zilitoka bucha. Nani alizileta jikoni?"

Macho yakanijia mimi, kwa sababu ya fulana. Na Balozi akiulizwa na mkubwa anajibu.

"Alizileta mwenyewe, mheshimiwa. Peke yake. Hata buti la gari alikataa tusimfungie."

Bwana Philemoni aliutazama Mlima Meru. Siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni, haukuwa na msaada wowote. Alikuwa na njia mbili, watoto wawe wanene na yeye awe mwizi wa nyama, au yeye awe mtu safi na janga life. Akachagua kama mzazi yeyote mwenye kujipenda.

"Mzani unadanganya," akasema.

Mkurugenzi akamwomba arudie, karibu na simu. Akarudia. Jiji zima likasikia.

Nikasimama, nikasema tamko limepokelewa. Mwalimu Prisca hakusubiri nimalize. Maji alikuwa ameshayateleka. Watoto waliitwa kutoka kwenye ukuta wa jua. Princess alishika kikombe kwa mikono miwili na hakukishusha mpaka nikaona kitako cha kikombe. Mkurugenzi naye aliomba kimoja, maana njaa haina itifaki.

Wiki iliyofuata uzito wa kweli, wa kiliniki, uliingizwa. Mtandao hauna sehemu ya kuandika habari za nyama, unapokea namba peke yake. Kwa hiyo uliona kwamba watoto wote wa Sombetini wamepoteza robo ya miili yao chini ya usimamizi wa Mratibu mmoja. Ukajiandikia onyo wenyewe, ukalituma juu. Huko juu wakakaa, wakajiridhisha kwamba tatizo la Bwana Philemoni ni uelewa mdogo wa malezi, na wakaagiza arudie Darasa Mtandao tangu somo la kwanza, akiwa amempakata mtoto wa chini ya miaka mitano.

Watoto wake wako chuo. Alhamisi ile, saa kumi kasoro, alisimama getini kwangu, viatu vina vumbi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alizunguka sana, akaulizia kuku, akaulizia mvua. Mwishowe akaomba nimwazime Princess. Sikuona sababu ya kumkatalia, ni mlezi anayejifunza. Nikamletea mtoto, na kikombe cha uji kimejaa, nikamwekea simu yake kwenye ndoo. Mtaalamu akatokea, akasema karibuni wazazi. Kabla hajafika kwenye madhumuni ya somo, Princess alikuwa amemaliza. Akamgeukia anayempakata.

"Babu, ongeza."

Bwana Philemoni aliitazama simu. Akanitazama mimi, nami nilikuwa nachambua mchicha. Akamweka mtoto kwenye kigoda, akachukua kikombe, akaenda jikoni. Aliporudi, amekibeba kwa uangalifu kisimwagike, mtandao ulikuwa umeshamwandika mtoro, na somo la kwanza likabidi lianze upya.