Ukurasa wa Bwana Tollefsrud

Horace Quimby aliposhuka garimoshi pale Norvik Grove, Iowa, mwaka 1911, aliona mambo mawili: mji mzima una benki moja, na mwenye benki anafagia ngazi zake mwenyewe. Akatabasamu kama paka aliyekuta dirisha la jiko wazi. Mtu anayefagia ngazi za benki yake, alijiambia, ana kiu ya kusifiwa mpaka kwenye mifupa.

Quimby aliuza kitabu ambacho hakikuwepo. Kiliitwa Wanaume Mashuhuri wa Iowa, na kwa dola ishirini tu, zinazolipwa mapema, ungeingia humo na picha yako na maisha yako yote. Mwezi uliopita kilikuwa Wanaume Mashuhuri wa Nebraska, na wanaume hao mashuhuri sasa walikuwa wanamtafuta. Ilibidi apate pesa na kupotea kwa treni ya Jumamosi, saa kumi jioni. Soksini alikuwa na dola kumi na mbili.

"Kahawa?" aliuliza Ansgar Tollefsrud, mwenye benki, alipomkaribisha ofisini.

"Naam, asante sana!" Quimby akapokea.

Karani, Bi Gudrun, akainua macho. Akayashusha.

Quimby akamwaga maneno yake, matamu kama asali ya kopo. Tollefsrud akatikisa kichwa.

"Mimi? Hapana. Mimi nawatunzia watu pesa zao tu."

"Mzee wangu, taifa linakuhitaji!"

"Hapana bwana. Watacheka."

"Watakicheka kitabu wakikosa kukuona humo!"

"Haya, kama ni lazima." Mzee akakohoa. "Andika basi. Nilizaliwa shambani. Nikaajiriwa kufagia benki. Miaka ikapita nikainunua. Bado nafagia."

"Kwa nini bado?"

"Ngazi zina theluji, bwana. Na haifai niwe peke yangu humo. Nitawakusanya majirani, na pesa zao nitazishika mimi."

Jioni ile Quimby alijisifu kwa mama mwenye nyumba ya wageni jinsi ulimi wake ulivyomlainisha mzee.

"Ulimi gani?" mama akasema. "Hapa kila mtu anakataa mara mbili, ya tatu anapokea. Hiyo ndiyo adabu. Na wewe ndiye uliyepokea kahawa mara ya kwanza? Mji mzima umesikia. Ulilelewa zizini?"

Quimby alijifunza haraka. Ndiyo kazi yake. Kuanzia hapo alikataa kila kitu mara mbili: viazi, keki, hata kiti. Akatoa dola kumi na moja kwa mpiga picha wa mji, akampa Tollefsrud picha ya mzee mwenyewe kwenye fremu ya dhahabu. Mzee aliikataa mara mbili, kisha akaitundika ukutani.

Jumamosi, saa tisa na nusu, wanaume thelathini na wawili walisimama benki, kofia mikononi. Tollefsrud alifungua sefu, akatoa bahasha nene.

"Bwana Quimby. Dola mia sita na arobaini. Chukua."

Vidole vya Quimby vilimwasha kwa tamaa. Lakini alikuwa sasa mtu mwenye adabu.

"La hasha, mzee! Siwezi. Subirini kwanza mkione kitabu kwa macho yenu."

Wanaume wakatazamana.

"Huo ndio uungwana," alisema Tollefsrud. Akairudisha bahasha, akafunga sefu, akazungusha gurudumu lake. Wakulima wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

Quimby alisubiri. Akasubiri tena.

"Mzee," alinong'ona, "si mnauliza mara tatu?"

"Kahawa," alisema Tollefsrud. "Pesa tunauliza mara moja."

Quimby akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Thelathini na wawili walikuwa wamesimama hapo, kwa adabu tu.

"Usiende bado," mzee akaendelea. "Shemeji yangu ana benki Nebraska. Yumo kwenye kile kitabu chako cha kule. Anafika na treni ya saa kumi, ana hamu ya kuuona ukurasa wake. Anakuja na majirani zake wachache."

Mbali, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, treni ikapiga king'ora.

"Kahawa, Bwana Quimby?" aliuliza Bi Gudrun.

Akapokea mara ya kwanza.