Kikohozi Kimoja, Breki

Jumatano, 6 Machi
Nimegonga ndoo ya jirani. Ndoo ya kijivu, barabara ya kijivu, ningeionaje? Binti yangu anataka nikapimwe macho. Nikamwambia ng'ombe hazeeki maini. Akajibu kwamba hakuuliza habari za maini. Jumamosi atakaa kando yangu hadi sokoni. Nikikosea mara moja, ufunguo unakwenda kwa mumewe, yule anayeliita gari langu mkokoteni. Miaka thelathini na minne ya usukani!

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata dawa. Mama watoto atakaa kiti cha nyuma awe macho yangu. Kikohozi kimoja: breki. Viwili: njia nyeupe. Nimemwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Aliuliza kwa nini nisiende tu kwa daktari. Wanawake!

Ijumaa, 8 Machi
Mazoezi uani. Safi kabisa. Ila mvua imemnyeshea mama watoto akinielekeza kurudi nyuma. Anapiga chafya. Si kitu. Chafya haimo kwenye karatasi.

Jumamosi, 9 Machi
Mafua! Hadi kona ya kwanza alikohoa kwa hesabu. Kisha kikaja kikohozi cha mfululizo. Breki, mafuta, breki, mafuta. Dereva wa lori nyuma yetu akauliza kama babu anacheza ngoma. Kwenye njia panda vikasikika viwili. Nikaingia. Binti yangu akapiga yowe, akavuta breki ya mkono. Basi lilisimama shibiri moja kutoka mlango wake. Basi zima, la manjano. Naandika hapa tu, na nisimwambie mtu: sikuliona.
Mama watoto anasema vile viwili vilikuwa vya mafua.

Jumapili, 10 Machi
Mkwe amekuja kuchukua ufunguo. Hakucheka. Akasema polepole: pumzika, mzee. Heri angecheka. Gari amelifunika turubai kama maiti. Binti yangu, macho mekundu, akasema huenda ni mtoto wa jicho tu, hutolewa. Siku daktari atakaporidhia, ufunguo utarudi. Nimekataa. Nimelala mchana kutwa, nimegeukia ukuta.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelichunguza kosa kwa utaratibu. Si macho. Ni kikohozi: chombo dhaifu, kinaingiliwa na maradhi. Ufunguo wa akiba upo kwenye kopo la misumari. Nimenunua filimbi. Mama watoto ameitupa chooni.
Kesho nanunua mbili.