Wiki Isiyokuwa na Moshi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mkurugenzi amenipa ripoti ya mazingira na jamii. Miaka yote hospitali yetu hapa Bondeni huandika mistari miwili. Safari hii wafadhili wataka kurasa ishirini, na mkaguzi yuaja Alhamisi. Mkurugenzi alimtaka kwanza Kasyoka, msimamizi wa taka, lakini Kasyoka ameshughulika na tanuri bovu la kuchomea taka, lifukalo moshi kutwa. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Nafasi ya mratibu wa mazingira iko wazi.

Jumanne, 2 Septemba
Fomu yauliza: moshi kiasi gani? Nimeandika: hakuna. Ili isiwe uwongo, nimeagiza tanuri lisiwashwe hadi mkaguzi aende zake. Kasyoka akauliza bandeji na sindano zitakwenda wapi. Stoo ya magodoro, nikasema.
“Zitanuka, Muhdhar.”
Nikamjibu fomu haina sehemu ya harufu.

Jumatano, 3 Septemba
Amekuja Bi Dama, auzaye mahamri nyuma ya ukuta wetu. Nilidhani ni malalamiko, nikaingia chooni. Kumbe ni shukrani. Mumewe ana pumu, na jana amelala chali, mara ya kwanza tangu Ramadhani. Akauliza kama tanuri limezimwa moja kwa moja. Nikamwambia kheri yaja. Shukrani zake nimezitia ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 4 Septemba
Mkaguzi, Bi Ummulkheir, ni mpole, na pua yake ni nzima. Nilimpitisha mbali na stoo. Lakini paka saba walikuwa wamelala mlangoni. Akauliza mna nini ndani. Magodoro, nikasema.
“Basi magodoro yenu yana nyama, mwanangu.”
Nikasema ufunguo umepotea. Kasyoka akatoa wa pili. Mifuko arubaini na mmoja. Mmoja ulikuwa umepasuka.
Bi Dama alikuwa amesimama hapo na sinia la mahamri ya wageni. Akaniangalia mimi, si mkaguzi.
“Kwa hivyo kesho mwawasha?”

Ijumaa, 5 Septemba
Mkaguzi amelifunga tanuri mpaka litengenezwe. Taka zitachukuliwa na lori kila siku. Kasyoka ndiye mratibu. Bi Dama amemletea mahamri ya moto. Mimi nimepata salamu.
Nimeondolewa kwenye moshi, nimepewa ukurasa wa maji. Fomu yauliza tumetumia kiasi gani mwaka huu. Baada ya swala nimemtafuta Gunga, fundi bomba, nikamuuliza mita ya maji hurudishwaje nyuma.