Mkaa Sebuleni Siku ya Kukadiriwa Nyumba

Leo nimejiaibisha, tena ndani ya nyumba yetu wenyewe, mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, na mama yangu akisikia kila neno. Nawasimulia mimi kabla Bi Asha jirani hajawasimulia, maana yeye atatia chumvi.

Mnajua baba ametutoka majuzi tu. Mama yumo edani, chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na mwanamume wa kando hamwoni. Nyumba hii ya Madungu tunaiangalia mimi na kaka yangu Seif, ambaye anaishi Unguja. Juzi Seif akapiga simu.

"Khalfani, nasikia watu wa kodi ya majengo wanapita mtaani kwenu kukadiria. Wakiipandisha sana, tuiuze. Mama akitoka eda aje kwangu."

Mama alisikia yote (simu yangu inanong'ona kwa kipaza sauti). Chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Nikaumia sana. Nikaapa moyoni kwamba mama hatoki katika nyumba hii.

Basi nikapiga hesabu. Ili mama abaki, kodi iwe ndogo. Ili kodi iwe ndogo, nyumba iwe mbovu. (Shuleni pia hesabu zangu zilikuwa hivi hivi.)

Ningeweza kwenda kuuliza wanaohusika nyumba hukadiriwa vipi. Sikwenda. Niliuliza barazani, ambako kila mtu ni mtathmini. Mmoja akasema wanatazama marumaru. Mwingine akasema wanatazama friji. Wa tatu akasema wakikuta makochi ya kukalia ukakunja nne, umekwisha! Nikarudi nyumbani mbio.

Leo asubuhi, sheha akapitisha habari kuwa mtathmini anakuja mtaani. Nikaanza kazi. Friji nikalisukuma hadi kwa Bi Asha. Makochi nayo yakaenda. Marumaru nikayafunika kwa mikeka mibovu. Nikatazama sebule, bado ina heshima! Ndipo nikaona, mlangoni kwa Bi Asha, magunia ya mkaa anaouza.

"Bi Asha, niazime mkaa wako."

"Wataka kupika nini, magunia yote hayo?"

"Sipiki. Nataka sebule ionekane dhiki."

Akanitazama kwa huruma. Akanipa. Nikayapanga ukutani, nikamwaga vumbi kidogo sakafuni, nikaliacha na kopo lake la kupimia juu ya gunia. (Nilijisifu. Ndiyo, nilijisifu.)

Hodi ikapigwa. Mtathmini, kijana mtulivu mwenye tepu mkononi, na sheha nyuma yake. Sheha huyu alisimama na sisi tangu kuosha maiti hadi hitima. Nyumba anaijua. Akaingia, akaona magunia, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea njia.

Nami nikaanza. Jamaa zangu, sijui ulimi ule niliutoa wapi!

"Nyumba hii, bwana, usiione hivi. Inavuja. Mchanga ni wa pwani. Mzee wetu hakuwa fundi, alijenga kwa kubahatisha. Saruji aliibania. Hebu tazama ukuta ule, umepinda!"

Sheha akakohoa. Nikadhani ni vumbi la mkaa, nikaendelea.

"Kwa kweli mzee alituachia mzigo, si nyumba."

Mtathmini hakutazama ukuta. Alikuwa akitazama kopo.

"Hapa mbele mnauza mkaa?"

"Hapana! Huu... ni wa kupikia."

"Wote?"

Kabla sijajibu, mlangoni kikaingia kichwa cha mama mmoja wa mtaani, na beseni.

"Hodi humu! Nimepita kwa Bi Asha sikuona magunia, naambiwa yamehamia huku. Nitilieni kopo mbili."

Mtathmini akageuka, akaniambia bila hasira: "Kaka, nyumba ya kukaa ina makadirio yake, na ya biashara ina yake, tena ya juu zaidi. Mimi napima ukubwa, natazama ilipo, imejengwa kwa nini na inatumika kwa nini. Chumba hiki naona ni duka."

Duka! Nilitaka kumwokoa mama, nimemfungulia biashara ya mkaa akiwa edani.

Hapo ndipo pazia likasema. Sauti ya mama, pole pole, kavu.

"Assalamu alaykum."

Tukaitikia sote. Hata mwenye beseni.

"Bwana, mie ndiye mjane wa mwenye nyumba. Nyumba ino marehemu akipanga tofali, mie nasomba maji, na huyo akwambiaye mzigo nimembeba mgongoni. Chumba hicho twapokelea wageni. Jeneza lake lilitokea hapo. Hakuna aliyewahi kuuza kitu. Pima kilichopo, andika kilichopo. Nikishindwa kulipa, nishindwe kwa kweli, nisishindwe kwa uongo wa mwanangu."

Sheha akainamisha kichwa. Mtathmini akashusha sauti: "Mungu amrehemu, Bi. Nimekufahamu." Kisha akanipa ncha ya tepu niishike. Tukaizunguka nyumba, yeye anasoma vipimo, mimi nimeshika kwa mikono myeusi ya mkaa, machozi yananitoka na kila nikiyafuta nazidi kujipaka. Alipomaliza akasema makadirio kamili yatakuja, ila kwa nyumba ndogo ya chini kama hii, inayokaliwa na wenyewe, haoni kitu cha kumhamisha mjane. Kama nisingesema neno hata moja, angemaliza zamani.

Mama akaniita nikampe simu. Akampigia Seif mwenyewe. "Hapauzwi kitu hapa. Si mkaa, si nyumba." Akakata.

Kisha: "Khalfani."

"Labeka, mama."

"Ukuta upi uliopinda?"

"Hakuna, mama."

"Babaako yuko kaburini, hawezi kukujibu. Basi nenda ukauombe radhi huo ukuta aliousimamisha."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikaenda, nikaweka kiganja ukutani, nikasema, "Niwie radhi," kwa sauti, kwa sababu mama alisema hasikii. Nilipogeuka, Bi Asha alikuwa mlangoni amekuja kuchukua magunia yake.

Anayetaka kucheka acheke, lakini aanze kwa kumrehemu baba yangu. Alijua kujenga.