Nani Anaiba Mapigo ya Moyo?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara hii ni siri. Naianza leo kwa sababu maabara yetu ya fiziolojia ina mwizi. Ushahidi bado. Utakuja.

Hali ilivyo: mimi na mwenzangu wa mwaka wa tatu, ninayemwita Miwani, tumekabidhiwa na Profesa mayai ya kuku ishirini na manne, yenye viinitete vya siku tatu. Swali: kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, inaufanya nini moyo unaoanza kujiunda? Tumetoboa kidirisha kwenye kila ganda, tukatia tone moja, tukaziba kwa selotepu. Mayai yangu kumi na mawili yana kafeini. Nimeyaandika K kwa penseli. Yake ametia chumvi, na hapa sisemi kwa mafumbo: ni maji ya chumvi tu, ya kulinganishia. Ameyaandika CH. Kila siku tunahesabu mapigo kwa hadubini. Ijumaa Profesa atachagua mtu wa kusimama mbele ya idara nzima siku ya utafiti wa wanafunzi. Mmoja tu!

Miwani kaniuliza mayai yangu yanaendeleaje. Anataka kujua ya nini?

Jumanne, tarehe 4

Mapigo yangu yameshuka! Jana mia na thelathini kwa dakika, leo mia na kumi. Kafeini inapaswa kuyapandisha. Ya Miwani nayo yameshuka, lakini hiyo ni danganya toto. Mwizi mwenye akili hujiibia kidogo ili asishukiwe.

Jana niliyachungulia mara kadhaa tu; leo nimeanza ulinzi kamili. Kila robo saa nafungua mlango wa mashine ya kutotolea, nahesabu mayai yangu moja moja, nafunga. Yapo yote. Nafungua tena. Bado yapo. Inatia shaka.

Mama kapiga simu. Amewatangazia shangazi zangu wote kwamba nitahutubia chuo kizima, na kwamba nasomea ufugaji. Nikamweleza kuwa hawa bado si kuku, ni viinitete. Akasema sawa mwanangu, ila usisahau kuwapa maji.

Jumatano, tarehe 5

Tisini! Sasa ni njama kabisa. Fundi wa maabara alikuwa anacheka na Miwani kando ya sinki. Nilipokaribia wakanyamaza. Nilikuwa nanyata, wameniona vipi?

Nimetega mtego. Saa ya chakula cha mchana maabara ikawa tupu. Nikachukua kifutio, nikafuta K zangu nikaandika CH, nikafuta CH zake nikaandika K. Sasa Miwani akiyachezea mayai yenye K, anayachezea yake mwenyewe. Akili hizi sijui nazitoa wapi! Kazi ilichukua dakika arobaini, mlango wa mashine ukiwa wazi.

Fundi akaingia ghafla. Nikajitupa chini ya meza. Akauliza natafuta nini. Nikasema penseli. Akasema mbona iko sikioni.

Alhamisi, tarehe 6

Balaa. Nafika asubuhi, mayai yote yenye CH hayapo! Yaani yangu!

Nikapiga ukelele. Miwani akaja mbio, akanieleza kwa upole kwamba kuna mtu anafungua-fungua mlango, mayai yanapoa, na kiinitete kikipoa moyo nao hupunguza mwendo. Kwa hiyo ameyahamishia yake kwenye mashine ndogo ya chumba cha pili. Alitaka kuhamisha na yangu, nafasi haikutosha. Akaniomba radhi.

Niseme nini? Nikisema yale ni yangu, nimejianika mwenyewe. Nikatabasamu shingo upande. Nikabaki nayalinda mayai yake, ambayo sina haja nayo. Nimefungua mlango mara chache tu. Ishirini hivi.

Ijumaa, tarehe 7

Kikao. Profesa, Miwani, Fundi na mimi. Mapigo ya K: sabini na mbili, na viinitete vinne vimekufa. Mapigo ya CH: mia na hamsini na nne. Profesa akakuna kidevu. Akasema basi hii ni habari kubwa, maji ya chumvi yanauamsha moyo kuliko kafeini! Akamgeukia Miwani kumpongeza.

Hapo angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza. Yeye akachukua yai moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

“Profesa, samahani. Huu mwandiko si wangu. Na chini ya hii CH naona K iliyofutwa.”

Fundi akaleta karatasi ambayo mashine huandika joto lake yenyewe. Mlango umefunguliwa mara themanini na tisa kwa siku nne. Wote wakanigeukia. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, kisha nikasimulia yote.

Profesa hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema nimeua vinne vya mwenzangu bure, na kazi ya wiki imekwenda na maji. Tutaanza upya Jumatatu. Msemaji ni Miwani. Alitaka kunitoa kwenye utafiti kabisa, lakini Miwani akamsihi: mkono wangu wa kutoboa maganda ni mwepesi kuliko wake, sijapasua mshipa hata mmoja.

Mlangoni Miwani akaniambia, “Ndugu yangu, siku nyingine ukiwa na wasiwasi, niulize tu.”

Jumatatu, tarehe 10

Mayai mapya. Mtu mpya! Nimemwahidi Profesa sitagusa mlango wa mashine nje ya saa za kuhesabu, na sijaugusa.

Lakini nimefikiri. Nani humtetea mtu aliyemuulia viinitete vinne, hivi hivi tu? Mtu anayetaka kitu. Nina kitu gani mimi? Tarakimu! Kwa hiyo leo daftarini nimeandika mapigo ya uongo, ili atakayenakili aumbuke. Ya kweli nimeyaandika kwenye kikaratasi, nikakificha mahali ambapo binadamu yeyote hawezi kupafikiria.

Nakitafuta tangu saa nane mchana. Nimepekua makabati, mifuko, viatu, hata sanduku la glavu. Hakipo.

Kimeibwa. Nilijua tu!