Kioo Kilichomtawaza Muuza Samaki

Jumatatu, 5 Februari
Shangazi Ubaldina, mwenyekiti wa karnivali mtaani kwetu, anataka programu ya kuandikisha wachezaji. Mtu atume maandishi, kompyuta iyageuze kuwa mpiga ngoma, mcheza kumbia, chochote alichoandika. Tunashindana wawili: mimi na binamu yangu Yulieth. Mshindi atavaa barakoa ya marimonda, ile ya pua ndefu, aongoze msafara Jumamosi. Mshindwa atasukuma mkokoteni wa barafu ya sharubati. Barakoa hiyo aliivaa marehemu baba. Ni yangu!

Yulieth anaandika kila aina ya mchezaji kwa mkono. Mistari mia mbili. Ushamba! Mimi mistari sita. Programu yangu inajitazama kwenye kioo, inaona ina aina gani ndani yake na kila aina inataka nini, kisha inajaza yenyewe.

Jumanne, 6
Imekubali! Mzee Dolcey kaandika "mpiga ngoma, Dolcey, 61" na mpiga ngoma akatokea, mzima, umri wake namba kamili. Shangazi kanipa ushindi papo hapo. Yulieth kanuna. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 7
Bibi Nelcy, penye umri, kaandika "haikuhusu". Kompyuta ikagoma: neno hilo haligeuki namba. Nimerekebisha kiume. Kisichogeuka kiwe sifuri! Mchana Bibi Nelcy kajikuta kundi la watoto wachanga. Alikuja na kandambili mkononi. Nilitorokea dirishani.

Alhamisi, 8
Yulieth kanishauri niweke orodha ya aina zinazoruhusiwa, maana kioo changu kinampa mtu chochote kilichomo. Nimemwambia orodha ni za waoga. Shangazi akadakia kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima kabisa.

Ijumaa, 9
Kimenuka! Evelio muuza samaki kaandika "malkia, Evelio, 58". Programu ikajitazama, ikaona aina ya malkia imo, ikamtengeneza. Na kwa kuwa malkia wa karnivali ni mmoja tu, Daniela wa watu, aliyechaguliwa tangu Desemba, akafutika. Orodha imeshachapishwa. Taji limeletwa kwa jina la Evelio. Daniela analia, mama yake ananitafuta. Nilijisikia vibaya, dakika kadhaa. Lakini programu ilifanya ilichoombwa! Kosa ni la Evelio.

Jumamosi, 10
Evelio kakataa kuvua taji. "Miaka hamsini na nane hamkuniona," kasema, "mashine imeniona siku moja!" Kapanda gari la maua na gauni la mkewe, ndevu na yote. Mtaa ukashangilia mpaka Daniela mwenyewe akacheka, akapanda pembeni yake, wakapokezana taji.

Nikamwambia Shangazi, unaona? Akanivua barakoa mbele za watu, akampa Yulieth. Msafara umeondoka na pua ya baba yangu usoni kwa mwingine. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 11
Mkokoteni. Yulieth kanibandikia orodha ya ladha: ukwaju, embe, nazi. Nimeichana! Nimeweka programu ileile, sikubadili hata mstari. Mteja aandike anachotaka, apate.

Mteja wa kwanza, Evelio. Kaandika "mwenye mkokoteni". Kumbe aina hiyo nayo imo, programu ikampa. Shangazi kasema kilichoandikwa kimeandikwa.

Nasukuma mkokoteni wa Evelio. Yulieth kauliza kama sasa nitaweka orodha. Ng'oo!