Mpangaji wa Mama Nakala

Fundi Bisibisi aliyaona makasha mawili kabla hajamwona mwanamke aliyeyabeba. Wengine hutazama uso wa mgeni. Yeye hutazama mikono. Kasha kubwa lilikuwa la kompyuta mpya, iliyouzwa tumbo tupu, bila diski. Kasha dogo, la upana wa kiganja, lilikuwa na diski mpya ya zile zisizozunguka wala kunguruma, ambazo kompyuta ikipewa huamka kabla hujaketi vizuri. Na kwapani, imeviringishwa kwenye shuka kama mgonjwa, kompyuta kuukuu.

"Karibu, mama yangu! Umefika hospitali."

"Sijaja kulazwa," alisema yule mama, akaitua mizigo juu ya meza iliyojaa nyaya.

Mtaa mzima ulimwita Mama Nakala. Chumbani kwake mkabala na lango la shule ndiko watu walikokwenda kuchapishiwa barua za kazi, mialiko ya harusi na mashtaka dhidi ya majirani. Hakuna siri ya mtaani ambayo haikupita chini ya vidole vyake, na hakuna hata moja iliyochomoka.

"Nataka mfumo wangu uhamie kwenye diski mpya, ndani ya kompyuta mpya," alisema. "Programu zangu, barua zangu, vilevile vilivyo. Sitaki kuanza upya kama bi harusi."

Bisibisi alichomoa bisibisi yake nyuma ya sikio, akaishika kama kiongozi wa kwaya.

"Mama, mfumo endeshi ni mpangaji. Ukimhamisha ovyo, anasahau sufuria, anasahau godoro, anafika nyumba mpya analia. Mimi namhamisha hadi na masizi ya jikoni. Nipe siku tatu."

Kwa haki, kazi yenyewe ni ya saa moja. Unaunganisha diski mbili, unaamuru hii inakiliwe kwenye ile, unakwenda kunywa chai. Lakini fundi anayemaliza kwa saa moja hulipwa ya saa moja, na Bisibisi alikuwa mtu wa heshima zake.

"Na ghala langu la mtandaoni?" aliuliza Mama Nakala. "Tangu wezi wanibebee kompyuta ya kwanza, mwanangu alipanga kila ninachoandika kiende kule, kisha kirudi popote mfumo wangu ulipo."

"Nalo litahama, mama. Kila kitu kitahama."

Hapo Bisibisi alisema kweli. Hakuwa na mazoea nayo, na labda ndiyo sababu ilikuja kumponza.

Akatoa karatasi yake, yenye maandishi madogo kama sisimizi. Wateja huisaini huku wakitazama simu. Mama Nakala alivaa miwani, akaisoma mbele na nyuma, midomo ikicheza.

"Hapa umeandika fundi hahusiki na kitakachopungua."

"Maneno ya kawaida tu hayo."

"Haya." Akasaini. "Wewe huwa unaisoma?"

"Mimi ndiye niliyeiandika, mama. Nisome nini tena?"

Alipotoka, Bisibisi alinakili diski ya zamani kwenye mpya, akaiwasha. Ikaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Akaitazama kwa mapenzi. Kisha akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, mahali pa diski yake iliyokwisha kuchoka, na diski kuukuu ya mama akaipangusa, akaibandika kibandiko king'aacho, akaifunga ndani ya kompyuta mpya ya mama. Mfumo wa Mama Nakala aliokwisha kuuhamishia kwenye diski aliyoiiba hakuufuta. Kwa nini aufute? Ulikuwa na programu zote alizolipia mama wa watu, na violezo vya barua rasmi vilivyopambwa vizuri. Pembeni ya skrini palikuwa na kialama kidogo cha wingu. Alikiona, akadhani ni pambo.

Siku ya tatu mama alikuja kuchukua mali yake.

"Na diski ya zamani?"

"Imefia mikononi mwangu, mama. Mpangaji alipotoka tu, nyumba ikaanguka. Pole sana."

Siku ya nne akarudi, mkono kiunoni. "Fundi, nawasha kompyuta, natia maji jikoni, maji yanachemka, yenyewe bado inapepesa macho."

"Mpangaji anazoea nyumba, mama. Mpe muda."

"Nimpe muda," alirudia Mama Nakala taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

Siku zilizofuata hakuja kulalamika tena, na Bisibisi akahesabu hilo kuwa ushindi. Hasa kwa kuwa bahati kubwa zaidi ilikuwa ikibisha hodi: shule ilitangaza kuhamisha kompyuta zake ishirini. Diski mpya ishirini! Bisibisi aliketi mbele ya kompyuta yake akamwandikia shemeji yake, kaka wa mkewe, anayeuza vifaa mtaa wa pili: "Shemeji, tayarisha wanunuzi. Tutafanya kama nilivyomfanyia Mama Nakala, ila mara ishirini." Kisha akaandika barua ya maombi kwa shule, tamu, yenye "uadilifu" mara sita. Akaihifadhi, akalala usingizi wa mtoto aliyenyonya.

Asubuhi ya kikao aliamka amechelewa. Akaifungua barua, akaichapisha, akaisaini huku akivaa kiatu. Aliona imerefuka kidogo, akadhani ni ukubwa wa herufi.

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu walikuwepo wanakamati watano, na pembeni, na daftari mapajani, katibu wa kamati. Katibu huyo alikuwa Mama Nakala.

"Shikamoo, mama," alisema Bisibisi.

"Marahaba, Injinia. Mpangaji hajambo?"

Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kengele, aligonga meza. "Umekwisha saini? Vizuri. Tusomee mwenyewe."

Bisibisi alisimama akasoma kwa mbwembwe. Uadilifu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti ilipanda. "Na kwa kuwa mimi ni fundi mwadilifu, nitahamisha kompyuta zote ishirini bila malipo yoyote..."

Akarudisha macho nyuma mstari mmoja. Masikio yalikuwa yamesikia kabla ya akili.

"Endelea," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hapa... hapa kuna kosa la mashine."

"Endelea, Injinia," alisema Mama Nakala kwa upole. "Mtu hasaini asichosoma."

"...mbele ya macho ya katibu, ambaye ataandika nambari ya kila diski kabla na baada. Aidha, nitarudisha leo diski mpya ya Mama Nakala, niliyo..." sauti ikawa ya mbu, "...niliyoisahau ndani ya kompyuta yangu."

Wanakamati walitazamana. Mmoja aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

"Si maneno yangu haya!"

"Uliniahidi kila kitu kitahama, na ghala likahama," alisema Mama Nakala. "Mfumo wangu uko kwako, uko na kwangu. Unachoandika wewe kinafika mezani kwangu, ninachorekebisha mimi kinafika kwako. Siku kumi na mbili, mwanangu, nimekuwa nikikusoma kama gazeti." Akachomoa karatasi ya pili daftarini. "Kama hii haikupendezi, tunaweza kusoma ile ya shemeji yako. Kituo cha polisi kiko hapo nyuma tu."

Maji yalimfika Bisibisi shingoni. Alimtazama Mwalimu Mkuu, akautazama mlango, akatazama saini yake mwenyewe, nzuri, yenye mkia.

"Ya kwanza inanipendeza," alisema.

Wiki nzima alihamisha mifumo pale shuleni, huku Mama Nakala akiwa amevuta kiti ubavuni kwake, miwani puani, akisoma nambari moja moja. Ndani ya wiki hiyo watu walipita dirishani kwa wingi kuliko siku ya matokeo ya mitihani.

Na ile diski? Aliirudisha jioni ileile ya kikao, akaichomoa kwa mikono yake kibandani kwake, mama akiwa amesimama mlangoni na majirani wanne aliowaalika. Kompyuta ya Bisibisi ilitoa mlio mmoja, ikaandika kwenye skrini nyeusi kwamba haioni mfumo wowote.

"Pole, baba," alisema Mama Nakala, akiifunga diski ndani ya shuka lake. "Mpangaji wako amehama. Na masizi amechukua."